Kabla ya kulipia kozi ya kuvisha magari stika

KAZI ya kuvisha magari stika imepata umaarufu katika miji mingi nchini, na pamoja nayo yamezuka mafunzo ya kila aina. Mengine ya siku mbili, mengine ya miezi kadha. Kijana anayetaka kujiunga na kazi hiyo, au mzazi anayeombwa karo, ana haki ya kufahamu anachonunua kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Stika inayozungumziwa hapa ni utando mwembamba wa plastiki ya vinili, wenye gundi upande mmoja, unaobandikwa juu ya rangi ya gari. Hutumika kubadilisha rangi ya gari dogo, kuandika jina la kampuni kwenye lori la kusambaza bidhaa, au kupamba matatu kutoka boneti hadi mlango wa nyuma.

Mojawapo ya nchi zilizoonyesha mapema manufaa ya utando huu ni Ujerumani. Tangu 1971 teksi za nchi hiyo zilitakiwa kuwa na rangi hafifu ya pembe ya ndovu, rangi ambayo wanunuzi wa magari yaliyotumika hawakuipenda. Wenye teksi waligundua kwamba ilikuwa nafuu kununua gari la rangi ya kawaida, kulivisha utando wa rangi iliyotakiwa na sheria, kisha kuubandua siku ya kuliuza.

Humu nchini, kazi hii ilipata udongo wenye rutuba katika utamaduni wa michoro ya matatu, ambayo kwa miaka mingi ilifanywa kwa brashi na bomba la rangi. Kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 1, 2004, zilileta mstari wa manjano ubavuni mwa matatu. Tangu hapo mvutano kuhusu michoro umekuwa ukipanda na kushuka, na mwenye gari ameona faida ya pambo linaloweza kubanduliwa bila kupaka rangi upya.

Hata hivyo, gari si daftari la mazoezi. Alama ya wembe iliyopenya hadi kwenye rangi haifutiki, na mwenye gari hataki kusikia kwamba fundi alikuwa angali anajifunza. Hapo ndipo ubora wa mafunzo unapojulikana.

UJUZI UNAOHITAJIKA

Jambo la kwanza ambalo kozi yoyote ya maana hufunza ni aina za vinili. Zipo mbili kuu. Ya kwanza hutengenezwa kwa kumimina vinili ya majimaji juu ya karatasi maalumu na kuikausha katika tanuri. Kwa kuwa haikuvutwa wakati wa kutengenezwa, haina hamu ya kurudi nyuma. Unene wake huwa karibu maikroni 50, na ndiyo inayofaa kwa bampa, matao ya magurudumu na sehemu nyingine zenye mikunjo.

Aina ya pili hutengenezwa kwa kuisukuma plastiki moto kati ya magurudumu mazito hadi iwe bapa. Ni nene zaidi, kwa kawaida maikroni 70 hadi 100, na bei yake ni ya chini. Lakini kwa sababu ilivutwa kiwandani, hukumbuka umbo lake la awali na kujaribu kulirudia. Ikibandikwa kwenye mkunjo mkubwa, baada ya muda hujikunyata na kuacha kingo wazi. Mahali pake ni kwenye sehemu bapa, kama ubavu wa lori la sanduku.

Mwanafunzi ambaye hakuelezwa tofauti hiyo atamuuzia mteja stika ya bei ya chini kwa kazi isiyoiweza, na lawama itamwangukia yeye.

Jambo la pili ni usafi. Gari huoshwa, huondolewa mafuta na nta, kisha hupanguswa kwa alkoholi ya isopropili, hasa kwenye kingo na viungo vya milango. Chembe moja ya vumbi chini ya utando huonekana kama kipele. Kwa sababu hiyo, karakana iliyo kando ya barabara ya vumbi, isiyo na ukuta wala paa, haiwezi kufunza kazi hii ipasavyo, hata mwalimu awe hodari namna gani.

La tatu ni joto. Fundi hutumia kifaa cha kupuliza hewa moto kuulainisha utando ili ukubali mikunjo, na kibao cha plastiki chenye ukingo wa kitambaa kuusukuma na kuitoa hewa. Akishamaliza kubandika, hurudia kuzipasha moto sehemu zote alizozivuta, kwa nyuzi zinazotajwa na mtengenezaji, ambazo kwa vinili ya kumiminwa huwa takriban 90 hadi 100 za Selsiasi au zaidi kidogo. Hatua hii huiua ile hamu ya utando ya kurudi ulikotoka.

Fundi stadi hupima joto hilo kwa kipimajoto cha mwanga, hakisii kwa kiganja. Kozi isiyokuwa na kipimajoto hata kimoja inamfunza mwanafunzi nusu ya kazi.

La nne ni ukataji. Wembe hukata utando peke yake bila kuigusa rangi, na ujuzi huo hauji kwa kutazama. Pia upo uzi maalumu unaotandazwa chini ya utando na kuvutwa ili kuukata bila wembe. Mwanafunzi anapaswa kuzitumia njia zote mbili, si kuonyeshwa tu.

La tano, ambalo kozi nyingi fupi hulisahau, ni kubandua. Stika iliyokaa juani miaka kadha huwa ngumu na hukatika vipande vipande, ikiacha gundi kwenye rangi. Kuiondoa bila kuharibu gari ni kazi inayolipwa, na ndiyo kazi ya kwanza ambayo fundi mpya hupewa katika karakana nyingi.

Linalofungamana na hilo ni kuichunguza rangi iliyo chini. Rangi ya kiwandani hushika imara. Lakini magari mengi humu nchini yameagizwa yakiwa yametumika, na baadhi yamegongwa na kupuliziwa rangi upya. Rangi iliyopulizwa vibaya, au ambayo haijakauka vyema, huweza kutoka pamoja na stika. Fundi aliyefunzwa huikagua mapema, humweleza mteja hatari hiyo na kumtaka atie sahihi kabla ya kazi kuanza.

HESABU YA MIKONO

Wengi wanaotafuta kozi huuliza inachukua siku ngapi. Swali lililo bora ni mwanafunzi atabandika mita ngapi kwa mikono yake mwenyewe.

Chukua mfano wa kozi ya siku tano, saa nane kila siku. Hizo ni saa 40. Iwapo saa 10 zitatumika kwa maelezo ya darasani, zitabaki 30. Darasa likiwa na wanafunzi 15 na gari moja, na watu watatu tu waweze kulifanyia kazi kwa wakati mmoja, kila mwanafunzi atapata saa sita. Muda uliosalia atakuwa mtazamaji.

Kozi hiyo hiyo ikiwa na wanafunzi sita na magari mawili, wote sita wanaweza kufanya kazi pamoja, na kila mmoja akapata saa zote 30. Karo yaweza kuwa maradufu, lakini mafunzo ni mara tano.

Utando wa kubadilisha rangi huuzwa katika roli zenye upana wa takriban mita 1.52, na gari dogo la kawaida huhitaji mita 15 hadi 20 za urefu. Huo ni mzigo wa gharama. Mwenye kozi anayetoza karo ya chini kupita kiasi huokoa pesa kwa njia moja kati ya mbili: ama anatumia vinili hafifu, ama wanafunzi wanarudia kipande kile kile kilichokwisha kupoteza nguvu ya gundi. Katika hali zote mbili, mikono ya mwanafunzi haizoei kitu kitakachokutana naye kazini.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, ni vyema kupata majibu ya maswali haya kwa maandishi:

- Darasa litakuwa na wanafunzi wangapi, na walimu wangapi?

- Kila mwanafunzi atatengewa mita ngapi za vinili, ya aina gani na ya kampuni gani?

- Je, mazoezi yatafanywa kwenye gari zima, au kwenye boneti moja iliyotundikwa ukutani?

- Je, mwanafunzi atavisha bampa, kioo cha pembeni na kitasa cha mlango, ambazo ndizo sehemu ngumu kuliko zote?

- Je, kubandua na kupima gari kwa ajili ya bei ni sehemu ya mafunzo?

- Vifaa vinatolewa, au mwanafunzi anajinunulia? Na akimaliza, vinabaki mikononi mwa nani?

Mwenye kozi anayeyakwepa maswali haya amekwisha kuyajibu.

NANI ANAFUNZA

Mafunzo haya hutolewa na watu wa aina tatu, na kila aina ina uzuri na upungufu wake.

Kuna wauzaji wa vinili. Hawa wana bidhaa halisi na maelezo kutoka kwa watengenezaji kama vile 3M na Avery Dennison za Marekani au ORAFOL ya Ujerumani. Upungufu wao ni kwamba wengi hufunza ili wauze, na mwanafunzi aweza kutoka akiamini kwamba hakuna bidhaa nyingine duniani.

Kuna karakana zinazofanya kazi yenyewe. Mwanafunzi huona magari ya kweli, wateja wa kweli na malalamiko ya kweli. Hatari ni kwamba mwenye karakana aweza kumgeuza mwanafunzi kuwa kibarua anayelipa ili afanye kazi. Akawa anaosha magari miezi mitatu bila kushika kibao.

Halafu kuna vyuo vya kiufundi, ambavyo huwa na kozi za usanifu wa michoro, uchapishaji, au unyooshaji wa bodi na upakaji rangi wa magari. Hizi hazimfunzi mtu kuvisha gari moja kwa moja, lakini humpa msingi. Anayejua kuifungua bampa na kuirudisha bila kuvunja vishikizo vyake yuko hatua kadha mbele ya asiyejua.

Ikumbukwe kwamba kubuni mchoro, kuuchapisha na kuubandika ni kazi tatu tofauti. Kozi inayoahidi kuzifunza zote kwa siku tatu inaahidi kinyume na saa. Wino wa mashine nyingi za kuchapisha vinili, kwa mfano, huhitaji angaa siku nzima kukauka kabla ya kuwekewa utando wa juu wa kinga. Ukifunikwa mapema, kemikali zilizobaki ndani hulainisha gundi, na kingo huanza kuinuka.

Njia bora ya kumpima mwalimu ni kuitazama kazi yake iliyozeeka. Gari lililovishwa jana hupendeza machoni pa kila mtu. Lililovishwa mwaka mmoja au miwili iliyopita ndilo lisemalo kweli. Chunguza pembe za milango, mashimo ya bampa, pande za vitasa na ukingo wa paa. Ikiwa utando umeinuka, umejikunja au umekusanya uchafu kingoni, kilichokosekana ni usafi, joto la mwisho, au vyote viwili.

Boneti na paa zitazamwe kwa makini zaidi, kwa kuwa sehemu zinazoelekea juu hupigwa na jua wima. Watengenezaji wenyewe hutoa dhamana ya muda mfupi zaidi kwa sehemu hizo, na jua la nchi iliyopitiwa na Ikweta halina huruma. Mombasa na miji mingine ya Pwani huongeza chumvi na unyevu.

Aidha, ni busara kuwatafuta wanafunzi wawili au watatu waliohitimu mwaka uliotangulia na kuwauliza wanafanya nini sasa. Mwalimu anayejivunia kazi yake hatasita kuwataja.

CHETI KINA UZITO GANI?

Cheti chenye mhuri na utepe si ushahidi wa ujuzi. Humu nchini, taasisi za mafunzo ya kiufundi na walimu wake huidhinishwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi (TVETA), iliyoundwa chini ya sheria ya 2013. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) nayo husimamia mafunzo ya uanagenzi na mitihani ya ufundi ya viwango vya tatu, pili na kwanza, ikiwemo katika fani jirani za bodi na rangi za magari.

Anayeambiwa kwamba kozi fulani 'inatambuliwa na serikali' aulize inatambuliwa na mamlaka ipi, kwa nambari gani, kisha aithibitishe mwenyewe kwa mamlaka husika. Taasisi inaweza kuwa imesajiliwa kwa kozi ya ushonaji na bado ikatangaza ya magari kwa usajili ule ule.

Waajiri pia wana njia. Mwajiri hutoa ushuru wa Sh50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwa hazina ya mafunzo ya viwandani, na aweza kuomba kurudishiwa sehemu ya gharama anapompeleka mfanyakazi kwa mkufunzi aliyesajiliwa na NITA, mradi afuate masharti. Kijana aliyekwisha kuajiriwa katika duka la uchapishaji amkumbushe mkubwa wake jambo hilo kabla ya kuuza mbuzi wa nyumbani.

Vyeti vya watengenezaji wa vinili ni suala jingine. Kampuni kubwa huwa na mitihani ya vitendo ambayo fundi hufanya mbele ya mkaguzi, naye aweza kushindwa. Mitihani hiyo haikusudiwi mtu aliyeshika vinili juma moja. Ni ya fundi mzoefu. Anayetangaza kwamba kila atakayehudhuria siku mbili atatoka na cheti cha kimataifa huwa anazungumzia karatasi ya kuhudhuria.

AHADI ZA GHUBA

Baadhi ya matangazo huambatanisha kozi na ahadi ya kazi Dubai, ambako biashara ya kuvisha magari imestawi. Kazi hizo zipo, lakini mwenye kufunza na mwenye kuajiri ni watu wawili. Wakala anayewapeleka Wakenya kazini ng'ambo hutakiwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uajiri (NEA), na orodha ya waliosajiliwa yaweza kuulizwa huko.

Ada ya kozi isichanganywe na ada ya visa. Mwenye kutaka zote mbili kwa pamoja, tena kwa haraka na bila risiti, anatafuta mateka wala si mwanafunzi.

SHERIA NA USALAMA

Kozi nzuri haimwachi fundi akiwa hajui sheria. Rangi ya gari imeandikwa katika hati ya usajili wake. Gari jeupe likivishwa utando mweusi mwili mzima, mwenyewe anafaa kushughulikia mabadiliko hayo kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), ama sivyo ajipate akijieleza kwa polisi barabarani. Vile vile, serikali za kaunti, ikiwemo ya Nairobi, hutoza ada kwa matangazo ya biashara yaliyobandikwa kwenye magari. Fundi anayemweleza mteja haya mapema huheshimiwa.

Usalama wa fundi mwenyewe usipuuzwe. Vinili ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaochoma macho na mapafu, kwa hivyo chumba sharti kipitishe hewa. Mwalimu anayetumia moto wa gesi ulio wazi karibu na alkoholi ya kusafishia anawafunza wanafunzi wake kuteketeza karakana.

IWAPO MAMBO YATAHARIBIKA

Malipo yafanywe kwa awamu, na kila awamu iwe na risiti inayotaja jina la kozi, idadi ya siku na vitu vilivyoahidiwa. Ujumbe wa malipo kwa simu huonyesha pesa zilikwenda kwa nani, lakini hauonyeshi zilikuwa za nini.

Aliyelipia mafunzo ambayo hakupewa ana kinga katika Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa na Huduma ya 2012. Aidha, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi 2021, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni na hutakiwa kuyaamua katika siku 60. Mlalamishi aweza kujiwakilisha bila wakili. Atakachohitaji ni ile karatasi aliyoidai siku ya kwanza.

BAADA YA KOZI

Hakuna kozi fupi inayomtoa mtu akiwa fundi kamili. Inachoweza ni kumpa msingi na kumwepusha na makosa ya gharama. Baada yake ni mazoezi: mlango mmoja wa gari bovu kutoka kwa wauza vyuma, ukivishwa na kubanduliwa tena na tena, hufunza kuliko video mia. Video za intaneti husaidia kuelewa mpangilio wa kazi, lakini haziwezi kumwambia mtazamaji kwamba kidole chake kimevuta kupita kiasi.

Wengi walioendelea walianza na kazi ndogo: tangi la bodaboda, ubavu wa tuktuk, au mlango wa pikapu wenye jina la duka. Kazi hizo hula vinili kidogo, na kosa lake halimfilisi mtu.

Asiye na karo naye asikate tamaa. Kuomba nafasi ya kusafisha na kubandua stika katika karakana inayoaminika, kwa makubaliano yaliyoandikwa kuhusu lini atashika kibao, ni mafunzo kamili hata kama hayana jina. Ujuzi uliopatikana kazini unaweza kupimwa na kutambuliwa rasmi baadaye.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Kwa anayechagua kozi hii, mwendo wa pole ni siku mbili za kuzunguka karakanani, kutazama magari yaliyozeeka na kuuliza mita. Siku hizo hazilipiwi, na huenda zikamwokolea karo nzima.